Bunduki iache, kamera chukua, ila usizame peke yako

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa nakula ugali wa muhogo na mgebuka nikasukuma sahani pembeni nikausoma tena taratibu. Unasema una miaka 24, kuogelea ulijifunzia bwawa la Igombe kule Tabora kabla hamjahamia Kibirizi hapa Kigoma, mjomba wako kakuletea bunduki ya samaki toka Zanzibar, una GoPro ya mtumba, ile kamera ndogo ya kuingia majini, na unataka uwe unazama peke yako kwenye mawe ya Ziwa Tanganyika upande wa Katonga, upige samaki wakubwa huku unajirekodi, afu urushe YouTube. Umeniuliza matatu: utafanyaje ukae chini zaidi ya dakika moja, kamera uifunge wapi, na ile mbinu ya rafiki yako ya kupumua harakaharaka mara 30 kabla ya kuzama kama inafaa.

Nianze na la mwisho maana ndo litakalokuua. Haifai, iache leo leo, na huyo rafiki yako mwambie na yeye aiache.

Sikiliza. Ile hali ya kifua kubana ukiwa chini, mpaka unaona sasa lazima nipumue, watu wengi wanadhani ni oksijeni imeisha. Siyo. Ni kaboni dayoksaidi, ile hewa chafu unayoitoa, imejaa kwenye damu ndo inapiga kengele. Oksijeni yenyewe ikipungua haina kengele ya maana, inaondoka kimyakimya kama mgeni asiyeaga. Sasa mtu mwenye afya akipumua kawaida tu damu yake tayari imebeba oksijeni kama asilimia 97 au 98 ya kile inachoweza kubeba, kwa hiyo hata upumue kama mivukuto ya mhunzi huongezi kitu, unachofanya ni kufukuza ile hewa chafu, yaani umeinyamazisha kengele wakati hatari iko palepale. Unazama, unajisikia vizuri ajabu, kifua hakibani, unasema leo niko fomu, kumbe oksijeni inaisha na hakuna wa kukuambia. Dakika ya kwanza inapita, unaongeza, afu unazima, yaani fahamu zinapotea. Hakuna kupiga kelele, hakuna kutapatapa, unazima tu kama taa umeme ukikatika.

Na kuna kitu kingine watu hawakijui, kwamba pabaya siyo chini, pabaya ni njiani unaporudi. Ukiwa mita 10 chini, maji yanakugandamiza mapafu, na ile oksijeni kidogo iliyobaki inasukumwa kuingia kwenye damu kwa nguvu ya huo mgandamizo, ndo maana ukiwa chini unajiona bado unayo. Ukianza kupanda mgandamizo unashuka. Ziwa letu liko mita kama 773 juu ya usawa wa bahari, hewa ya juu ya maji hapa tayari ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar, kwa hiyo kutoka mita 10 mpaka juu mgandamizo unapungua zaidi ya nusu. Ile oksijeni iliyokuwa inakutosha kule chini, ghafla haikutoshi. Kutoka mita 20 kuja mita 10 unapoteza kama theluthi tu, ila hizo 10 za mwisho ndo zinakumaliza, na wengi wanazima wakiwa wamebakiza mita chache, au wameshatoa kichwa nje kabisa, wamevuta pumzi ya kwanza, afu wanarudi chini taratibu huku watu wa ufukweni wanadhani anaogelea.

Najua hii siyo kwa kusoma tu. Nilianza kuzamia ziwa hili enzi nakamata samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangirangi wanaosafirishwa nje, kazi ya vyandarua viwili vya mkononi na subira, sasa hivi nafundisha watu kuzamia na kupiga picha chini ya maji. Sikuwa mgeni wa maji hata kidogo. Kipindi fulani nilikuwa nawafuata samaki wawili aina ya kuhe, dume na jike, wanalinda watoto wao kwenye mchanga kati ya mawe huko huko Katonga unakotaka kwenda, kina kama mita 9. Nilikwenda wiki mbili karibu kila siku, peke yangu, na kila siku nikitoka salama nazidi kujiona mjanja. Siku hiyo shemeji yangu alikuja na mtumbwi kwa shida zake mwenyewe, alikuwa na madumu ya mawese anataka nimsaidie kuyapeleka kwa mteja, akanikuta niko majini akasema basi nakusubiri.

Ninachokumbuka ni mkia wa yule dume ukigeuka, nikasema moyoni ngoja sekunde mbili ageuke na uso. Kinachofuata kwenye kumbukumbu zangu ni shemeji ananichapa mashavu na harufu ya mawese. Katikati hapo hamna kitu.

Ila kamera haikuzima. Nilipokuja kuiangalia jioni, mikono inatetemeka, niliona kila kitu: napanda vizuri kabisa, miguu inapiga sawasawa, natoka juu, anga linaonekana, nusu ya mtumbwi inaonekana, nasikika navuta pumzi moja fupi, afu mkono unaachia, kamera inazunguka inaning'inia kwenye kamba, na mimi nashuka pembeni yake nimekunja shingo kama mtoto aliyesinzia. Ukiniangalia huwezi kusema huyu ana shida. Afu mkono wa shemeji unaingia kwenye fremu unakamata kola ya wetisuti, ile nguo ya mpira ya kuzamia. Hiyo video ninayo mpaka leo na sijawahi kuirusha popote, mke wangu hajui kama ipo. Sasa jiulize, kama shemeji angekuwa na usafiri mwingine wa kupeleka mawese yake.

Kwa hiyo jibu la kukaa chini zaidi ya dakika moja ni hili, kwanza tulia juu. Lala juu ya maji kifudifudi, snokeli, lile bomba la kupumulia, mdomoni, pumua kawaida kama unataka kusinzia, dakika mbili au tatu, pumzi ya mwisho vuta ndefu moja toka tumboni, zama. Ukitoka pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini, ukikaa dakika moja pumzika mbili, na ukiwa umechoka au umefukuzana na kitu pumzika hata tano. Kifua kikianza kubana panda, usishindane nacho. Dakika moja ya mtu aliyetulia inatosha kabisa kwa unachotaka kufanya, nitakuonyesha hapo chini kwa nini, na dakika mbili za kujilazimisha hazikuongezei video hata moja nzuri. Na ukitoka usivute pumzi moja ukaanza kushangilia, pumua ndani nusu nusu mara tatu nne kwanza, maana sekunde 15 baada ya kutoka bado hujavuka.

Masikio nayo, unayabonyezea pua na kupuliza taratibu kila mita moja au mbili kabla hayajaanza kuuma, yakigoma rudi juu, usilazimishe, na ukiwa na mafua kaa nyumbani. Na maski iwe ile inayofunika pua, zile goglo za bwawani zinafyonza macho mpaka yanakuwa mekundu kama umelia msiba.

Sasa bunduki. Hapa sina maneno mengi. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, zimeiweka bunduki ya kuchomea samaki kwenye zana zilizokatazwa, sawa na kuvua ukiwa umebeba mtungi wa hewa mgongoni. Ukiona video za watu wa Afrika Kusini au Australia wanapiga samaki wakubwa, ni nchi zao na sheria zao. Wewe ukijirekodi unavunja sheria na kuirusha mwenyewe umewaletea ushahidi mezani, na wenye fremu nzuri. Nenda ofisi ya uvuvi uulize ana kwa ana usikie kwa masikio yako, hawang'ati. Halafu kuna kufunga ziwa, mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo hata mwenye zana halali kuna miezi anatakiwa akae. Na ukielekea kusini Mahale, hifadhi haishii kwenye mchanga, kuna ukanda wa maji wa kilomita 1.6 ambao nao ni hifadhi, hapo hata ndoano usitoe.

Ila mimi hata kungekuwa hakuna sheria bado ningekuambia iache, na sababu yangu ni kuhe. Huyo ndo samaki mkubwa utakayemkuta kina cha pumzi moja kwenye mawe, maana mgebuka na dagaa wako ndani huko, wavuvi wanawafuata usiku gizani na taa. Kuhe ni kati ya wakubwa kabisa wa jamii ya sikilidi duniani, ile jamii ya kina perege na sato, anakaribia sentimita 80, na yule unayemkuta ametulia hakimbii, anakutazama, hakimbii kwa sababu ana watoto. Dume na jike wanalinda wingu la vifaranga elfu kadhaa. Ukimchoma mmoja, aliyebaki hawezi kuzunguka pande zote, na kabla hujafika juu wale wadogo wameshaanza kuliwa. Yaani ushujaa wa kumpiga mzazi aliyesimama mlangoni kwake. Mimi siuoni.

Turudi kwenye upweke. Umesema huna mtu wa kuzama naye. Nakuelewa, Kigoma wazamiaji siyo wengi. Lakini mwenza wako siyo lazima ajue kuzama mita 10. Anatakiwa ajue kuogelea vizuri, awe na mtumbwi au boya kubwa la kushika, na asiwe na simu mkononi, hilo la simu nalisisitiza. Mdogo wako, jirani, kijana yeyote wa mwaloni anayejua maji, mlipe hela ya chai. Mkizama wawili mnapeana zamu, mmoja chini mmoja juu anamtazama kwa maski, kamwe msishuke wote pamoja. Maji yetu yanaruhusu, siku nzuri unaona mita 15 mpaka 20, mwenzako anakuona mwanzo mpaka mwisho, watu wa mabwawa ya matope wangeililia hii.

Mwambie hivi: usimtazame akiwa chini tu, mtazame sekunde 30 baada ya kutoka. Akitoka lazima atoe ishara ya mkono na kusema "niko sawa", asiposema mshike. Akizima ndani ya maji mshike kidevu uzibe mdomo wake, mpandishe, toa uso wake nje, vua maski, mpulizie shavuni na macho, mwite jina lake mwambie pumua, mara nyingi anarudi hapohapo. Asiporudi mpulizie hewa mdomoni mara mbili huku umembana pua, afu mvute kwenye mtumbwi uendelee mkielekea nchi kavu. Hilo zoezi lifanyeni kwenye maji ya kiunoni mara kumi kabla hujafunga hata kamera. Shemeji yangu alikuwa hajafundishwa kitu, alifanya kwa akili ya kivuvi tu, Mungu akasaidia, lakini usipange safari kwa msingi huo. Na mkishapata mtu aliyezima, hata akisimama anacheka, siku hiyo imeisha, hazami tena, anapelekwa akaangaliwe hospitali.

Kuna kosa moja la watu wanaotoka baharini, na kwa kuwa vifaa vyako vimetoka Zanzibar najua litakuhusu. Mkanda wa risasi, siyo risasi za bunduki, ni vile vipande vya madini mazito unavyovaa kiunoni ili ushuke. Maji ya bahari yana chumvi, ni mazito, yanakubeba zaidi. Yetu ni baridi, nina maana hayana chumvi siyo kwamba yanatetemesha, joto la juu ni nyuzi 25 au 27 hivi mwaka mzima, kwa hiyo yanakubeba kidogo. Tofauti ni kama asilimia mbili na nusu, mtu wa kilo 80 na vifaa vyake ni kilo 2 nzima. Ukivaa mkanda uleule wa Zanzibar hapa unashuka kama jiwe, na Tanganyika haina huruma ya kina, ziwa lenyewe linafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na upande wetu sehemu nyingine unapiga hatua chache toka kwenye mawe chini panakata kama ukuta. Punguza risasi mpaka ukitoa pumzi yote ukiwa juu bado macho yako yanaelea usawa wa maji. Na kifungo cha mkanda kiwe cha kuachia kwa mkono mmoja, ukiona mambo magumu mkanda uende, risasi zinauzwa.

Haya, kamera. Hapa ndo napenda kwa hiyo nivumilie.

Kwanza ijue kamera yako. GoPro nyingi kuanzia Hero5 kuendelea zinaingia maji mpaka mita 10 bila kasha. Hero4 kurudi nyuma, ukiacha ile ndogo ya Session, bila kasha ikigusa maji imekufa. Kwa kuwa ni ya mtumba usiamini hata kama ni mpya mpya, nunua kasha, lile la kampuni yenyewe kwa kamera nyingi linaenda mita 60. Na hizi za kuigiza za bei ya chini zilizoandikwa mita 30 kwenye boksi, maandishi ni wino tu. Kipimo changu hakijawahi kunidanganya: weka tishu kavu ndani ya kasha tupu bila kamera, lifunge, lifungie jiwe na kamba, lishushe mita 10 liache nusu saa. Ukilitoa tishu ikiwa na hata doa la unyevu, umeokoa kamera. Ule mpira mwembamba wa kwenye mlango wa kasha ukague kila siku, unywele mmoja au punje moja ya mchanga inatosha kuleta maji, ufute, upake grisi ya silikoni kidogo sana. Simu kwenye mfuko wa plastiki usinitajie, kioo cha kugusa hakifanyi kazi chini ya maji, na mfuko ukigandamizwa unajibonyeza wenyewe.

Uifunge wapi. Wengi wanaifunga kichwani au juu ya bunduki. Kichwani unapata video ya kila unapogeuka, mtazamaji anapata kichefuchefu. Mkononi kwenye fimbo fupi ni bora, ila mkononi ndo ilikuwa yangu siku ile. Kamera mkononi inakudanganya, mdogo wangu. Bila kamera unajisikia kifua kinabana unapanda, na kamera unasema ngoja ageuke, ngoja apite kwenye mwanga, sekunde mbili tu. Na ukiwa unatazama kioo husikii mwili wako. Ndo maana siku hizi nusu ya kazi zangu mimi sizami kabisa, na hapa ndo siri yenyewe.

Chukua kipande cha risasi au chuma cha kilo mbili hivi, kifunge chini ya kamera iwe kama mguu wake, funga kamba nyembamba imara, urefu zidisha kidogo kuliko kina, juu weka boya. Ishushe toka kwenye mtumbwi taratibu pembeni ya mawe, mita 6 mpaka 8, kamera imewashwa, ondoka. Dakika tano za mwanzo hakuna kitu, samaki wameogopa. Baada ya hapo wanarudi, wanaikagua, wanaidonoa, baada ya dakika kumi wameisahau wanaendelea na maisha yao, wanapigana, wanatongozana, wanafukuzana. Mzamiaji mwenye pumzi ya dakika moja hajawahi kuyaona hayo maana kila akifika yeye ndo habari ya mji. Kamera haipumui. Ina betri ya saa moja na zaidi kidogo, wewe una dakika moja, sasa nani abaki chini? Wewe unashuka mara moja kuigeuza ielekee vizuri, mwenzako akikutazama, unapanda, unakaa kwenye mtumbwi unakula karanga.

Kuhusu rangi, maji yanakula nyekundu kwanza, mita 5 tu tayari wekundu umefifia sana. Wanauza vioo vyekundu vya kuweka mbele ya lenzi, vinasaidia kuanzia kama mita 5 kwenda chini, juu ya hapo vinafanya dunia nzima iwe kama ndani ya gari la zimamoto, vitoe. Kitu kikubwa kuliko vioo vyote ni kusogea karibu. Maji yenyewe ni pazia, ukiwa mita 3 toka kwa samaki unapiga picha ya pazia. Nusu mita, mita moja mwisho. Lenzi ya GoPro ni pana, kila kitu kinaonekana kidogo, na macho yako yakiwa nyuma ya maski yanakuongopea, kitu kinaonekana kikubwa kwa theluthi na karibu kwa robo kuliko kilivyo, kwa hiyo ukidhani umefika bado hujafika. Rekodi kwa fremu 60 kwa sekunde, ukiwa nyumbani unaipunguza kasi nusu, samaki anayekwepa kama radi anaonekana mapezi yake yote.

Jua la kwetu nalo lina mambo yake. Ufukwe wetu unatazama magharibi, milima iko nyuma yetu mashariki, kwa hiyo saa moja saa mbili asubuhi mawe bado yako kwenye kivuli hata kama anga ni jeupe. Halafu sisi tuko magharibi kabisa ya nchi lakini tunatumia saa ileile ya Dar, jua linafika utosini Kigoma karibu saa saba mchana, siyo saa sita. Muda wangu ni saa nne na nusu mpaka saa saba, hapo miale inaingia wima inacheza kwenye mchanga. Miezi ya kiangazi upepo wa kusi ukianza kusukuma mawimbi, pakia vitu rudi nyumbani, maji yanachafuka na mtumbwi unakuwa mgumu. Masika, mito ikileta matope, kaa mbali na midomo yake. Na hiyo midomo ya mito hata kiangazi siyo ya kuzamia, Luiche pale chini ya Ujiji, Malagarasi kule Ilagala, kuna mamba na viboko, haina mjadala. Kwenye mawe ya Katonga na Bangwe na kwenda kaskazini njia ya Gombe ni afadhali, ila na huko uliza wenyeji wa siku hiyo, mamba hana ratiba. Na usizame njia ya boti za Kibirizi, nahodha mwenye abiria 40 haoni kichwa cha mtu, boya lako liwe na rangi kali na bendera.

Utakutana na nyoka wa majini, swila wa ziwani, ana pete nyeusi shingoni, anakula samaki. Ana sumu kweli ila hana shida na wewe, simama, mwache apite, usimfuate kwa ajili ya video. Kinachokupata kweli huku ni kichocho, hasa sehemu zilizotulia zenye majani na konokono na watu wanafulia. Usisubiri mpaka ukojoe damu, na cha kwetu ziwani mara nyingi ni cha tumbo hata damu kwenye mkojo huioni, kapime wiki sita au nane baada ya kuanza kuzama, dawa yake ni praziquantel, inapimwa kwa kilo zako, ukitoka hapo kila baada ya muda unarudia kupima.

Najua utauliza watu watatazama nini kama hakuna samaki anayechomwa. We bana. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za sikilidi na karibu zote hazipo popote pengine duniani, kuna wazungu wana matanki sebuleni wanalipa hela nyingi kuwa na wale unaowakanyaga. Kuna dume anakusanya makombe ya konokono kwa mdomo, anayapanga, majike wake wadogo wanaingia kuishi humo na kutaga, yeye hawezi hata kuingiza kichwa. Kuna mmoja kazi yake ni kuwapora wenzake magamba, na mdomo wake umepinda, wengine kulia wengine kushoto, wa kulia anashambulia ubavu mmoja na wa kushoto ubavu mwingine. Kuna kambare wa madoadoa anachomeka mayai yake kwa mama anayelelea mayai mdomoni, yule mama analea watoto wa mwizi na watoto wa mwizi wanakula wa kwake humo humo mdomoni. Weka hiyo na sauti yako ya Kinyamwezi ukisimulia uone kama hawatatazama.

Bunduki mrudishie mjomba wako kwa heshima, mwambie Kigoma haifanyi kazi, usije ukaiuza Ujiji ukamtwisha mwingine kesi. Jumamosi saa nne niko Bangwe na vijana wengine wawili, njoo na huyo mdogo wako uliyesema anajua kuogelea, mje na kamera na kasha lake na tishu. Boya na kamba nitakuja navyo mimi, shemeji analeta mtumbwi.